Trauti wa Mlima Kenya: kumvua kuanzia kijito cha msituni hadi ziwa la juu

Anayeshuka mtoni kumtafuta trauti kwa mara ya kwanza hukosea jambo moja, na hilo moja linatosha kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Hufika ukingoni akiwa wima, jua likiwa mgongoni, kivuli chake kikatangulia majini. Kabla hajafungua mfuko, samaki wote wa kidimbwi kile wamekwisha kujificha chini ya mawe. Mimi nilivua hivyo kwa muda mrefu, nikilaumu nzi wa bandia niliyemfunga kama chambo, nikilaumu mwezi, mpaka mzee mmoja wa huku Nyeri aliponishika bega akaniambia, "Kaa chini kwanza, kijana wangu. Uwaone kabla hawajakuona." Tulikaa nyuma ya kichaka karibu robo saa. Ndipo nikawaona: watatu, wamesimama ndani ya maji yanayokwenda kasi kana kwamba wamefungwa kamba.

Mengi ya mwongozo huu yanatokana na kile kikao cha robo saa.

Mjue kwanza unayemtafuta

Trauti si mwenyeji wa milima yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandwa katika mto Gura, kwenye safu ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye, naye ndiye aliyeenea zaidi. Kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya trauti kiko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Kuwatofautisha si kazi. Wa upinde wa mvua ana mstari wa waridi ubavuni, na madoadoa meusi yaliyotapakaa hadi mkiani. Wa kahawia ana rangi ya asali iliyoiva, madoa meusi na mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe, na mkia wake karibu hauna doa. Wa kahawia ni mwoga na mjanja zaidi, hupenda vivuli na mizizi. Wa upinde wa mvua husimama kwenye mkondo wazi, na akinasa huruka hewani.

Wote wawili wanataka maji baridi, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi wanakula vizuri. Yakipita 20 wanadhoofika. Kipimajoto kidogo kwenye kamba kina faida kuliko nzi kumi wa ziada mfukoni.

Hatua ya kwanza: chagua mto na wakati

Upande wa kusini na magharibi wa Mlima Kenya kuna Thiba, Nyamindi, Rupingazi, Ragati, Thego, Sagana, Naro Moru na Burguret. Kaskazini kuna Sirimon na Ontulili. Aberdare ina Gura, Chania, Honi na Amboni. Kwa anayeanza, ningemshauri mto wa ukubwa wa kati unaovukika kwa hatua tano au sita, ndani ya msitu, wenye vidimbwi vilivyopangana kama ngazi.

Mvua ndefu, Machi hadi Mei, na zile fupi, Oktoba hadi Desemba, hufanya mito iwe na tope. Trauti huwinda kwa macho, kwa hiyo maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kaa nyumbani ufunge nzi. Januari na Februari maji ni meupe kama kioo: unamwona samaki, naye anakuona. Juni hadi Septemba kuna baridi na mawingu, na kwangu mimi huo ndio wakati bora, kwa sababu wingu huondoa kivuli chako.

Jambo moja ambalo wageni hawaambiwi: wakati wa kiangazi, mito mingi huku chini kwenye mashamba hunyonywa na mabomba na mifereji ya umwagiliaji hadi kubaki uzi wa maji. Panda juu ya mahali maji yanapochotwa, uingie msitu wenyewe. Huko maji ni baridi na ya kutosha mwaka mzima.

Hatua ya pili: kibali, na mtu wa kwenda naye

Uvuvi wa trauti unahitaji leseni ya uvuvi. Ukiingia hifadhi ya taifa utalipa pia kiingilio cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na malipo hayo hufanywa kwa njia ya kielektroniki, si kwa pesa taslimu langoni, basi maliza ukiwa bado mahali penye mtandao. Soma masharti ya leseni yako neno kwa neno: aina ya chambo kinachoruhusiwa, urefu wa samaki wa kubeba, idadi kwa siku. Mito mingi ya trauti ni ya nzi wa bandia peke yake. Minyoo hairuhusiwi, nyavu wala usizitaje.

Usiende peke yako. Kelele za mto humeza sauti zote. Wewe humsikii nyati aliyelala kwenye mianzi, na yeye hakusikii mpaka mko hatua kumi. Nyati aliyeshtuliwa karibu hana subira. Omba askari wa wanyamapori au mtembezi anayeijua njia, na umwache atangulie. Akisema turudi, mnarudi, hata kama samaki wanaruka mbele ya macho yako.

Hatua ya tatu: vifaa

Uvuvi huu una siri moja ya kimaumbile. Chubwi au boya la kawaida huwa na uzito, ndio unaobeba ndoano mbali. Nzi wa bandia hana uzito wowote: ni manyoya na nyuzi juu ya ndoano ndogo. Kwa hiyo kinachotupwa ni mshipi wenyewe. Mshipi wa nzi ni mnene na una uzito wake, na fimbo, mshipi na rili (gurudumu la kukunjia mshipi) hupewa namba moja ili vilingane. Ukichanganya namba utatupa siku nzima bila kufika popote.

Kwa vijito vya msituni nunua fimbo namba 3 au 4, urefu wa futi 7 hadi 8, kwa sababu matawi yako juu ya kichwa. Kwa maziwa ya juu, namba 6 yenye futi 9, ipambane na upepo. Ukiwa na uwezo wa moja tu, chukua namba 5. Mshipi uwe ule unaoelea. Mwishoni mwake funga uzi wa nailoni unaozidi kuwa mwembamba, futi 7 mtoni na futi 9 au zaidi ziwani, ncha yake iwe na unene wa milimita 0.15 hadi 0.20. Uzi mnene kuliko huo trauti anauona.

Kuhusu nzi, sisi tuna bahati. Nzi wengi wanaouzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani hufungwa kwa mikono na mafundi wa Kenya, mmoja mmoja, kwa manyoya na nyuzi za rangi. Mtafute fundi, ununue kwake, umweleze mto unaokwenda. Kwa mito yetu ninabeba Kenya Bug, mweusi mwenye manyoya laini, na Pheasant Tail anayeiga lava, yaani watoto wa wadudu wa majini, namba 12 na 14. Kumbuka namba ya ndoano ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Kwa maziwa, Mrs Simpson namba 8 au Woolly Bugger wa kijani cha mzeituni, maana huko trauti hula viluwiluwi wa kereng'ende, na Woolly Bugger anafanana nao sana akivutwa polepole.

Vitu vingine ni koleo ndogo, kimia cha mkono chenye nyavu laini, kofia yenye ukingo, na miwani ya jua ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji. Bila miwani hiyo unavua kipofu. Gambuti zinafaa njiani kwa ajili ya matope na thabai, ule mmea unaowasha ambao Wakikuyu hupika mboga, lakini juu ya mawe yenye ukungu wa kijani huteleza vibaya. Ukipata viatu vyenye soli ya kushika jiwe, vaa hivyo na ukubali kulowa.

Hatua ya nne: fundo moja, ulijue gizani

Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoano. Izungushe mara tano juu ya uzi wenyewe. Irudishe, uipitishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu kabisa na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa ulichokifanya sasa hivi. Lowesha kwa mate, vuta taratibu mpaka mizunguko ilale mmoja juu ya mwenzake. Mate si mazoea tu: uzi mkavu ukivutwa hupata joto la msuguano na kudhoofika, na samaki mkubwa ndiye atakayekuonyesha.

Kabla hujafunga, bana kwa koleo kile kijino cha ndoano kinachozuia samaki kuchomoka. Hutapoteza samaki ukishikilia mshipi ukiwa mkakamavu, na utaweza kumwachilia bila kumpasua mdomo.

Hatua ya tano: soma maji

Hapa chukua muda wako wote.

Trauti wa mtoni huelekeza kichwa mkondo unakotoka. Chakula kinashuka na maji, naye anakingojea, huku maji yakipita kwenye matamvua yake. Hivyo, nyuma yake ndiko asikokuona. Anza chini, upande kwenda juu. Anayevua akishuka na mto huwatangazia samaki wote kwamba anakuja, na kila jiwe analokanyaga hutuma tope mbele yake. Trauti pia husikia mtikisiko kwa mstari wa hisi ulioko ubavuni mwake, basi usiruke juu ya jiwe hadi jiwe. Tembea kama unaingia chumba alimolala mtoto.

Piga magoti. Kutokana na jinsi mwanga unavyopinda ukiingia majini, samaki huona vilivyo juu vizuri, lakini vilivyo chini karibu na usawa wa maji havioni. Mtu aliyechuchumaa anapotea machoni pake kwa umbali ambao aliyesimama anaonekana hadi kofia.

Sasa jiulize: mimi ningekuwa samaki, ni wapi ningekaa bila kuchoka huku chakula kikinipitia mdomoni? Nyuma ya jiwe kubwa kuna maji yaliyotulia. Mbele ya jiwe hilohilo pia, maji yanapogonga na kurudi nyuma kidogo, kuna maji laini kama mto wa kulalia, ambayo wengi huyasahau. Chini ya ukingo uliochimbwa na mafuriko, penye mizizi, hukaa mkubwa wa kahawia. Chini ya maporomoko madogo, angalia mstari wa povu unavyokwenda: povu na wadudu hubebwa na mkondo uleule, kwa hiyo fuata povu umfuate samaki. Ukiinua mawe ya pembeni utakuta kaa wa mtoni na lava walioshikamana chini yake. Huo ndio mlo wa leo, chagua nzi anayefanana nao kwa ukubwa na rangi.

Kidimbwi kimoja kivue kwa mpangilio: kwanza mkiani, pale maji yanapokuwa membamba kabla ya kushuka, halafu katikati, mwisho kichwani chini ya maporomoko. Ukianza kichwani, samaki utakayemnasa atavuta vita vyake hadi mkiani na kuwashtua wote. Tupa mara tatu au nne kila mahali. Kama hakuna kitu, songa mbele. Vijito vya mlimani havina chakula kingi, na trauti mwenye njaa hangoji mara ya kumi ili kuamua.

Hatua ya sita: kutupa penye matawi

Utupaji unaouona kwenye picha, mshipi ukichora duara pana nyuma na mbele, unahitaji uwanja. Nenda kwenye uwanja wa mpira ujifunze: inua fimbo haraka hadi isimame karibu na sikio lako, simamisha ghafla, ngoja mshipi unyooke nyuma, kisha sukuma mbele na usimamishe tena. Kosa kubwa ni kutongoja. Nguvu hazina kazi hapa, kazi ni ya kusimamisha.

Msituni, ambako nyuma yako kuna mianzi na mipodo, tumia utupaji wa kuviringisha. Acha mshipi ulale majini mbele yako. Inua fimbo taratibu mpaka sehemu ya mshipi ining'inie nyuma ya bega, halafu piga mbele kama anayepigilia msumari ukutani. Mshipi utajiviringisha juu ya maji na kumweka nzi mbele bila kugusa tawi. Umbali wa mita 5 unatosha, sijawahi kuhitaji zaidi kwenye kijito.

Nzi akishafika, aende kwa mwendo uleule wa maji. Mara nyingi mkondo wa kasi katikati hushika mshipi wako na kumkokota nzi pembeni, naye trauti hujua mara moja kwamba mdudu wa kweli haogelei hivyo. Inua ncha ya fimbo, mshipi usiguse mkondo ule, au uugeuze kwa mzunguko mdogo wa mkono uende upande wa juu. Tazama mahali uzi unapoingia majini. Uzi ukisita, ukizama, ukirudi kando hata kidogo, inua fimbo. Usitikise kwa nguvu, inua tu.

Ukiona maji yanaanza kuleta majani na vijiti, na rangi inabadilika, toka mtoni hapohapo upande ukingo ulioko upande wa kurudia. Mvua imenyesha juu, hata kama kwako kuna jua.

Hatua ya saba: maziwa ya juu

Rutundu, Alice na Ellis ni maziwa yaliyoko juu ya mpaka wa msitu, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, kwenye nyasi na mirobelia. Rutundu na Alice wengi waliyasikia mwaka 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate Middleton huko. Wavuvi waliyajua zamani kwa sababu ya trauti wa upinde wa mvua, wakubwa kuliko wa mitoni.

Ziwani samaki hangoji mahali pamoja, huzunguka. Kwa hiyo usimtafute, mngoje njiani mwake: kando ya mimea ya majini, mahali kijito kinapoingia, na pale kina kifupi kinapoanguka ghafla kuwa kirefu. Upepo ukikupiga usoni ni adha kwa mkono, lakini ndio unaoleta wadudu upande wako. Tupa, halafu hesabu. Ngoja mpaka tano, uvute polepole, kiganja kwa kiganja. Ukikosa, hesabu kumi, kisha kumi na tano, mpaka nzi aguse majani ya chini. Kisha rudi nyuma kwa hesabu moja: hicho ndicho kina chako cha siku hiyo.

Asubuhi kwa kawaida anga ni safi, na kufika adhuhuri mawingu hupanda na kufunika kila kitu. Vua mapema. Radi ikisikika, weka fimbo chini na uondoke pembeni mwa maji, kwani fimbo nyingi za siku hizi ni za nyuzi za kaboni zinazopitisha umeme. Usiku kunaweza kuganda, hivyo beba nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na kichwa kikianza kuuma pamoja na kichefuchefu, usikinyweshe dawa ukaendelea kupanda. Shuka siku hiyohiyo.

Hatua ya nane: samaki akinasa

Weka fimbo juu, ikiwa imepinda. Mpindo huo ndio unaomchosha. Akikimbia, mpe mshipi. Akitulia, urudishe. Akiruka hewani, shusha ncha ya fimbo kidogo, mshipi ulegee asiuangukie na kuukata. Mwongoze kwenye maji yaliyotulia, ukitanguliza kimia chini yake, kichwa kwanza.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Ute ulioko mwilini mwake ni kinga yake dhidi ya magonjwa, na mkono mkavu huuondoa. Usimbane tumbo, usiingize vidole kwenye matamvua. Kama unamwachilia, asitoke majini zaidi ya pumzi moja unayoweza kushikilia wewe. Mshike chini ya tumbo kichwa kikitazama mkondo, mpaka apige mkia mwenyewe. Usimhamishie mto mwingine hata kama ni wa karibu, kwani magonjwa husafiri naye. Na usikanyage changarawe safi zilizotawanyika kwenye maji mafupi: ndimo mayai hufukiwa.

Ukiamua kula, chukua wa kutosha kwa sufuria ya usiku huo tu. Mpige mara moja kwa kijiti kizito juu ya macho, usimwache akihangaika kwenye nyasi. Mpasue palepale mtoni kuanzia nyuma hadi kidevuni, toa utumbo na matamvua, kisha pitisha ukucha kwenye mstari wa damu ulioko kando ya uti wa mgongo mpaka uwe safi, kwa maana huo ndio unaoharibu ladha haraka. Utumbo uuzike mbali na maji. Mbebe ndani ya majani mabichi yaliyoloweshwa, si mfuko wa plastiki.

Magamba yake ni madogo mno, huna haja ya kumparua. Mkaushe, mpake chumvi ndani na nje, mfungie vipande vya limau tumboni, umweke juu ya mkaa usio na moto mkali. Trauti wa robo kilo huiva kwa dakika nne au tano kila upande. Utajua ameiva pezi la mgongoni litakapong'oka kwa kuvutwa kidogo.